Gauni la Michelle Obama lasema kuliko uso

Picha ya Michelle Obama iliyochorwa na Amy Sherald ilipozinduliwa jijini Washington mwaka 2018, wengi walilalama: mbona uso haufanani naye? Nami nauliza, mbona gauni hawakulisoma? Limetawala picha, jeupe, lenye maumbo ambayo Sherald mwenyewe aliyafananisha na mablanketi ya viraka ya akina mama Weusi wa Gee's Bend, Alabama. Ngozi kaipaka kijivu. Rangi kaiachia nguo. Basi ukitaka kujua huyu ni wa kina nani, tazama nguo. Mswahili aliyezoea kusoma jina la leso kabla ya kumwamkua aliyejifunga hangepotea hapo. Linalonikera ni moja tu: uso na mikono vinaelea juu ya kitambaa, utadhani ndani hamna mwili.