Hesabu za Ukili

Waliokuja kutupa pole walimsifu mama kwa subira. Wanawake waliojaa ukumbini na wanaume waliokaa barazani walisema neno hilo hilo: marehemu alikuwa na subira, mtu wa kukaa kimya na ukili wake. Walisema kwa mapenzi, nami niliwashukuru. Hata hivyo sifa hiyo haijanikaa vizuri moyoni, maana naona imemfunika mama kuliko ilivyomdhihirisha. Mwenye subira tupu anaweza kungoja. Mkeka wa rangi unataka mtu anayepiga hesabu, anayekumbuka, anayekata shauri leo na kulisimamia kwa miezi. Mama yangu alikuwa fundi wa namna hiyo, na nataka asifiwe kwa hilo.

Nianze na ukindu, kwa kuwa siku hizi wapo waliokulia juu ya zulia na hawajapata kuushika. Mkindu ni ndugu wa mtende. Hupenda mabonde na mahali penye maji, huota vichaka vichaka, na chini ya kila kuti una miiba mirefu inayomkumbusha mkataji adabu. Kinachotakiwa ni kuti changa la katikati, kabla halijafunguka. Likichelewa linakuwa gumu na lina mikunjo isiyonyooka tena. Pwani yetu ya kusini mashariki mwa Unguja ni nchi ya mawe, kwa hiyo mama aliununua kwa mafungu, na kununua kwenyewe kulikuwa kazi. Alivuta jani moja kutoka katikati ya fungu, si lile la juu ambalo muuzaji amelipanga lionekane, akalikunja kidoleni, akalinusa. Jani lililopata mvua baada ya kukatwa lina harufu ya ukungu na baadaye hutoa madoadoa ambayo rangi haiyafichi. Muuzaji mmoja alimwambia kwamba hapendi kumwona akija asubuhi, kwa sababu wateja wengine husimama kutazama anachochagua.

Ukindu huanikwa juani mpaka kijani kitoke na jani lipauke, kisha huchanwa. Hapo ndipo mkeka unapoanza kuwa mzuri au mbaya. Mama alichana kwa ukucha wa kidole gumba cha kushoto, ambao hakuukata mfupi kama wenzake. Chane pana ni za jamvi. Chane nyembamba ni za mkeka wa kulalia. Nyembamba kuliko hizo ni za msala, na msala una taabu yake peke yake: ni wa duara refu, ukili wake huzungushwa kutoka katikati kwenda nje, na katika kila kona ukingo wa nje unadai urefu zaidi kuliko wa ndani. Asiyejua kuulegeza mkono penye kona hupata msala unaojikunja kingoni na kukataa kulala chini. Misala ya mama ililala.

Rangi alizitia kwa kuchemsha. Katika enzi za bibi, nyeusi ilitoka kwenye mizizi ya mdaa na njano kwenye manjano ya jikoni. Mama alikuta rangi za unga za dukani na hakuona haja ya kuzikataa. Alichokataa ni kuchovya haraka haraka. Chane zilikaa katika sufuria mpaka rangi imeingia, zikasuuzwa mpaka maji yatoke meupe, ndipo zikaanikwa, kivulini. Mgeni aliyelala juu ya mkeka wake kwa shuka nyeupe aliamka na shuka nyeupe.

Sasa hesabu zenyewe. Mkeka hausukwi mzima. Husukwa ukili, utepe mrefu mwembamba, kisha utepe huo hulazwa safu kwa safu na kushonwa ukingo kwa ukingo. Chukua mkeka wa urefu wa mita 2 hivi na upana wa mita 1.2. Ukili ukiwa na upana wa sentimita 6, ambazo ni vidole vitatu vya mama, safu zinazohitajika ni 20, nazo zinakula zaidi ya mita 40 za ukili. Mama hakujua mita. Alinyoosha mikono yake miwili akapima pima, na kwa kuwa alikuwa mwanamke mfupi, mkeka wake ulichukua pima 24 na ushee pale ambapo mtu mrefu angetaja 22.

Hizo ni hesabu za mtu yeyote anayenunua kitambaa. Ugumu uko kwenye rangi. Chane katika ukili haziendi wima, zinakwenda mshazari. Chane nyekundu inayoanzia ukingo wa kushoto husafiri hadi ukingo wa kulia, hugeuka, hurudi, hugeuka tena. Katika ukili wa sentimita 6, kwenda na kurudi huchukua kama sentimita 12. Sasa fikiria: ukikata vipande vya mita 2 kamili, 12 haigawanyi 200. Kila kipande kitaanza mahali tofauti katika safari ya ile nyekundu, na ukivishona pamoja rangi zitapishana, mchoro utavunjika, na mkeka utaonekana kama umeshonwa na watu walionuniana. Kata sentimita 204 badala yake. Zinaingia safari 17 kamili. Sasa kila safu inaanza pale ilipoanzia mwenzake, na ukigeuza safu moja na kuacha moja, zile nyekundu zinakutana kingoni na kufunga maumbo ya kashata kutoka pindo hadi pindo.

Mimi nimeyapata hayo kwa rula na karatasi, tena baada ya yeye kuondoka. Mama aliyajua bila ya kalamu. Mikeka yake yote ya kulalia inapita mita 2 kwa vidole viwili, na nilipokuwa msichana nilidhani ni mazoea tu ya mkono. Zaidi ya hayo, alipokuwa anasuka hakuwa anauona mkeka. Alichokiona ni utepe wa vidole vitatu unaoshuka mapajani na kujikunja sakafuni. Mchoro mzima ulikuwa kichwani, na ulikaa humo kwa muda wa pima 24, huku anapika, analea, anahukumu ugomvi wetu, anapokea wageni. Wahandisi huchora ramani zao ili wasilazimike kuzibeba hivyo.

Kazi hiyo aliifanya katika vipande vya saa. Mwaka 1989 kilimo cha mwani kwa ajili ya kuuza nje kilipoanza Zanzibar, kilianzia upande wetu, Paje na Jambiani, na wanawake ndio walioingia majini kwa wingi. Mama alikuwa miongoni mwao. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, alikuwa shambani baharini amejiinamia juu ya kamba, anafunga mbegu kwa vikamba vya taitai. Maji mafu yalipofika na bahari ikakataa kurudi nyuma vya kutosha, alirudi kwenye ukili. Mwezi uligawanya kazi zake. Ule mwani wa bei nzuri, cottonii, ulipoanza kufa kwa joto la maji, wanawake wengi walibaki na spinosum yenye bei ndogo, na nyumba yetu iliegemea ukili kuliko zamani. Sijapata kumsikia akililalamikia hilo. Nilimwona akinunua ukindu mwingi zaidi.

Ukili una sifa moja ambayo kazi nyingine chache zinayo: unabebeka. Ulikwenda naye kliniki, ulikwenda naye kwenye hitima za watu, ulingoja naye gari kando ya barabara. Chane alizifunga katika kitambaa chenye unyevu zisikauke na kukatika, na macho yake yalikuwa huru kumtazama anayesema naye. Nadhani ndiyo maana watu waliiona subira peke yake. Walimwona anazungumza, mikono inakwenda, wakafikiri mikono inajiendea yenyewe. Hawakujua kwamba alipokatiza sentensi na kunyamaza kidogo, alikuwa amefika mahali pa kubadilisha rangi.

Kule mjini, milango ya Mji Mkongwe ina sifa duniani. Unesco iliuweka mji huo katika urithi wa dunia mwaka 2000, na wageni hupiga picha minyororo iliyochongwa kwenye miimo, mawaridi, njumu za shaba. Wanastahili sifa wale mafundi. Lakini nyuma ya kila mlango ule palikuwa na sakafu, na juu ya sakafu palikuwa na mkeka, na aliyeusuka alikuwa mwanamke ambaye pengine alitoka shamba na hakupata kuingia kwa mlango ule wa mbele. Mbao ngumu hukaa zaidi ya karne. Ukindu hukaliwa, hufagiliwa, humwagikiwa chai, huchakaa, na baada ya miaka kadhaa huwekwa chini ya karafuu au chini ya mgonjwa. Kazi ya wanaume imebaki ukutani ikitazamwa. Kazi ya wanawake imetumiwa mpaka ikaisha. Naona si haki kuhesabu kudumu peke yake kuwa ndiyo kipimo cha ufundi, wakati kitu kimeumbwa kwa makusudi ya kukaliwa.

Hata misikiti. Kabla ya mazulia, waumini walisali juu ya majamvi, na majamvi ni kazi ya mikono ya wanawake. Mama alisuka jamvi la msikiti wa mtaa wetu, akaikataa bei, akasema ni sadaka ya wazee wake. Miaka mingi wanaume waliweka vipaji vyao vya uso juu ya kazi yake alfajiri na magharibi. Nikilifikiria hilo napata fahari ambayo siwezi kuificha.

Shaaban Robert alimwandikia Siti binti Saad wasifu, na akampa mwanamke wa Fumba, aliyeanza kwa kutembeza vyungu vya kuuza, mahali pake katika vitabu vyetu. Siti alikuwa na sauti, na sauti iliingia katika sahani za santuri. Nani amemwandikia wasifu mfinyanzi wa vile vyungu? Sisemi kila msusi apate kitabu. Nasema walau ajulikane jina. Kuna duka moja mjini lililouza mikeka ya mama kwa miaka, likabandika juu yake karatasi yenye jina la duka na bei, basi. Bei yenyewe ilikuwa mara nyingi ya ile aliyolipwa. Mama alipoambiwa aliuliza kitu kimoja: wameuweka upande wa mbele juu au chini? Alitaka kujua kama waliujua uso wa mkeka.

Mikeka ya plastiki ilipofika, myepesi, rahisi kuosha na ya bei ya chini, wateja wa kijijini walipungua. Sitaitukana, nimeiona imewasaidia watu wenye watoto wadogo. Ila plastiki hutoa jasho mgongoni usiku wa kaskazi, na ukindu unapitisha hewa. Mama hakufanya mashindano nayo. Alipunguza mikeka mikubwa, akaongeza misala, makawa ya kufunikia chakula na vipepeo, vitu ambavyo plastiki haikuviweza kwa uzuri ule.

Alipougua aliendelea kusuka mpaka vidole vilipokataa. Sina haja ya kueleza zaidi. Kila aliyemuuguza mzazi anajua.

Sasa ninalo daftari la mistari ya mraba, lile la hesabu la watoto wa shule, na ndani yake nachora mikeka yake, safu kwa safu, mraba mmoja kwa kila chane inapopita juu. Mama mdogo, ambaye alisuka naye tangu usichana wao, huja Ijumaa baada ya chakula cha mchana kunisahihisha. Ni mkali. Juzi alinionyesha mkeka mmoja wenye kijani ukingoni, akasema huo si wa dada yake: dada yake asingeweka kijani pembeni, kwa sababu kijani ndicho kinachopauka kwanza, na pembeni ndipo jua linapopiga. Mimi nikasema ni wake, niliuona unashonwa. Tukaugeuza kutazama nyuma, mahali chane mpya zinapoungwa na za zamani, kwa kuwa kila msusi ana namna yake ya kukata ncha. Mama alizikata mshazari. Mama mdogo huzikata sawasawa. Tulipekua safu mbili nzima, vichwa vimekaribiana, na ncha zote zilikuwa za mshazari.

Mama mdogo aliunyoosha mgongo, akavua miwani. "Basi mshazari huo nilimfundisha mimi," akasema, "na kijani hicho nilimkataza." Nimeyaandika yote mawili pembeni ya mchoro, pamoja na majina yao. Ijumaa ijayo ataleta mkeka wake wa zamani kuthibitisha.