Kakamega kwa Herufi Nne: Kukagua Mwandiko wa Kichina

Kwa Kichina, jina la Kakamega huandikwa kwa herufi nne: 卡卡梅加. Zilichaguliwa kwa ajili ya sauti tu, na huhitaji kujua hata salamu ya Kichina ili utambue kama zimeandikwa vizuri au zimeborongwa. Basi mtu akileta bango au kadi yenye jina la mji huu, akidai ni kazi ya mkono uliofunzwa, yapo ya kutazama kabla ya kumsifu, na zaidi ya kutoa pesa.

Anza na ya mwisho, 加, kwa maana hapo mwanafunzi hujianika mapema. Upande wa kulia kuna kisanduku kidogo, 口. Aliyezoea alfabeti yetu hukizungusha mara moja kama "o", pembe zikabaki butu. Aliyefunzwa hutumia mistari mitatu: wa kushoto hushuka kwanza; wa pili hupita juu kisha hukunja kushuka kulia bila kalamu kuinuliwa; wa tatu hufunga chini. Tazama pia kimo. Kisanduku hicho huwa kifupi kuliko 力 iliyo kando yake. Vikilingana, mwandishi amenakili sura tu.

Mtihani wenyewe ni 梅. Ina mistari 11, ilhali zile nyingine tatu zina mistari 5 kila moja, na zote hupewa mraba wa ukubwa uleule. Mkono mchanga huiacha ivimbe hadi ikawafinya majirani. Mkono uliokomaa huipunguza mistari unene na kuisogeza karibu, lakini nafasi nyeupe baina yake hubaki karibu sawa. Hizo nafasi nyeupe zikague kwa makini kuliko wino wenyewe.

Kisha kuna jambo dogo linalowaponyoka wengi. Kushoto kwa 梅 kuna 木, alama ya mti. Ikisimama peke yake, mstari wake wa mwisho hufagia chini kuelekea kulia, mrefu, ukinenepa karibu na ncha. Ikiwa ndani ya herufi nyingine, mstari huo hufupishwa ukawa nukta, kama abiria wa matatu anayekunja goti ili mwenzake apate pa kukaa. Ukikuta umefagia hadi ukaigonga sehemu ya kulia, rudisha kazi hiyo kwa mwenyewe.

Zimebaki 卡 mbili. Mstari wao mrefu wa kulala hupanda kidogo upande wa kulia. Ukinyooshwa kwa rula, jicho huuona kama umeinama. Kwa kalamu ya kawaida, mbili zinazofanana si kosa. Kwa brashi, pacha wasiotofautiana hata kidogo hutia shaka kwamba ni chapa ya kompyuta. Wachina hupenda kumtaja Wang Xizhi, bingwa wa mwandiko wa brashi, ambaye katika dibaji yake ya Lanting ya mwaka 353 aliandika herufi 之 mara 20 hivi, kila mara kwa umbo lake. Karatasi aliyoiandika mwenyewe ilipotea. Zinazotazamwa leo ni nakala za enzi ya Tang, na bado ndizo kipimo.

Sasa inua karatasi uielekeze dirishani. Brashi ikitua mwanzoni mwa mstari na kupumzika mwishoni, wino huzidi hapo, na katikati huwa mwepesi. Mstari ulioguswa mara ya pili ili kuficha kasoro huonyesha kingo mbili. Katika sanaa hii hakuna kurudia: mstari ukikosewa, karatasi hutupwa.

Kenya ina mikono ya kutosha ya kulinganisha. Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ya kwanza barani Afrika, ilianza mwaka 2005, na Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret kina yake kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Donghua cha Shanghai. Mapema mwaka 2019 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ilitangaza kwamba Kichina kingefundishwa kuanzia Gredi ya 4. Anayejifunza peke yake Kakamega anunue daftari la miraba la hesabu, aunganishe miraba minne kuwa mmoja, kisha apige mistari miwili ya mshazari kutoka pembe hadi pembe. Kila mstari wa herufi utakuwa na mahali pa kupimiwa.

Kwa mazoezi ya brashi, gazeti kuukuu la Taifa Leo linatosha, kwani hunyonya wino vizuri. Karatasi ya fotokopi ni laini mno: wino huelea juu yake, na alama za kutua na kupumzika hufifia. Anayeuza kazi ya brashi iliyoandikwa juu ya karatasi hiyo aulizwe kwa nini.