Sharti Limekaa Wapi?

Juzi mfumo wa ada za shule ulipigiwa makofi mbele yangu. Grafu za rangi, kurasa zinafunguka upesi, na ripoti ya muhula wa pili inasema hakuna mwanafunzi anayedaiwa. Hakuna hata mmoja! Shule gani hiyo? Nikaomba kuona msimbo. Kulikuwa na leftJoin safi kabisa, na mstari wa chini yake ukaiua: where('malipo.muhula', 2).

Fundi wa kuunganisha majedwali kwa masharti mengi hutambulika hapo tu, sharti limekaa wapi. Likihusu jedwali la kulia na likaachwa nje, kwenye WHERE, huchuja baada ya kuunganisha. Asiyelipa kabisa amebeba NULL, na NULL hailingani na 2 wala na kitu kingine, anatupwa. Aliyelipa muhula wa kwanza tu, naye anatupwa. Wanabaki waliolipa, halafu mnapongezana. LEFT JOIN imeshakuwa INNER JOIN, na hakuna ujumbe wa kosa uliotokea popote.

Katika Laravel, fremuweki ya PHP, mtego umefichika zaidi, kwa kuwa where ni ileile kwa jina lakini ina makazi mawili. Ndani ya kloja ya kiungo inaingia kwenye ON. Nje yake inaingia kwenye WHERE. Kazi ya kuheshimika husomeka hivi:

->leftJoin('malipo', function ($join) {
    $join->on('malipo.mwanafunzi_id', '=', 'wanafunzi.id')
         ->where('malipo.mwaka', 2024)
         ->where('malipo.muhula', 2)
         ->whereNull('malipo.deleted_at');
})

Safu kwa safu ni on. Safu kwa thamani ni where. Anayeandika on('malipo.muhula', '=', '2') ataambiwa safu inayoitwa 2 haipo, na huyo ana bahati, amekemewa mapema. Mstari wa whereNull nao ni kipimo: Eloquent, ORM ya Laravel, huficha rekodi zilizofutwa za modeli kuu inayotumia SoftDeletes, lakini jedwali ulilolivuta kwa join halilindwi na mtu. Stakabadhi iliyobatilishwa itahesabiwa kama malipo.

Ufunguo hutangulia, vichujio hufuata. Hifadhidata haijali mpangilio huo, mimi najali. Na anayefupisha majina ya majedwali kuwa a, b na c asiitwe fundi.

Matapeli wapo wa aina mbili. Wa kwanza akiona rekodi zimejirudia kwa kuwa mzazi amelipa kwa awamu, anabandika distinct(). Awamu mbili za kiasi kimoja zinageuka moja, na mzazi anadaiwa alichokwisha kulipa. Wa pili ni mjanja zaidi: anaacha sharti nje na kuongeza orWhereNull('malipo.muhula'). Asiyelipa kabisa anarudi kwenye ripoti, watu wanaridhika. Aliyelipa muhula wa kwanza pekee bado amepotea, kwa sababu yeye ana rekodi, na muhula wake si NULL wala si 2. Data ya majaribio ya tapeli huyu kamwe haina mwanafunzi wa namna hiyo.

Mzee aliyenifunza kazi kwenye Oracle alihesabu rekodi kabla na baada ya kila kiungo. Zikipungua baada ya kiungo cha nje, sharti limekaa pabaya. Zikizidi, jumlisha malipo kwanza, ndipo uunganishe. Enzi zake hapakuwa na leftJoin. Palikuwa na alama ya (+), na ilipaswa kuwekwa kwenye kila sharti la upande unaoweza kukosa rekodi. Ukiisahau mahali pamoja, kiungo cha nje kimekwisha. Kwa hiyo watu walisoma hoja zao za SQL kwa kidole, sharti kwa sharti. Kiwango cha SQL cha mwaka 1992 kikaleta JOIN na ON, fremuweki zikaja kufunika hata hizo, na siku hizi kijana anaweza kumaliza mradi mzima bila kuitazama SQL aliyoizalisha. Njia ipo, toSql(), neno moja tu. Nani anaiita?

Basi wakuu wa shule, kabla hamjapiga makofi, tafuteni mwanafunzi mmoja aliyelipa muhula wa kwanza peke yake. Asipoonekana kwenye orodha ya wadaiwa wa muhula wa pili, msimlipe fundi.