Ngoma ya Pipa
Wapo wasemao kwamba taiko, ile ngoma ya Kijapani, ikitengenezwa kwa pipa la mvinyo si taiko tena. Mimi niipigaye katika kikundi cha mtaa hapa California sikubali. Mtindo wenyewe wa kupiga ngoma nyingi pamoja jukwaani aliuanzisha Oguchi Daihachi, mpigaji wa jazi, mwaka 1951. Kinnara Taiko ya Los Angeles, iliyoanza mwaka 1969, ilitumia mapipa, kwani ngoma ya gogo moja ni ghali. Tukishikilia gogo, asiye na fedha atabaki mtazamaji. Tuhukumu kwanza kimya kilichopo kati ya pigo na pigo, ambacho Wajapani hukiita ma. Wapigaji wasiosikilizana hutoa kelele tu, hata kwa mti wa thamani.