Maneno ya Wimbo Yanayofaa Kusomea Kiswahili

Anayejifunza Kiswahili kwa nyimbo za Tanga, awe mgeni aliyepanga chumba mtaa wa Mabawa au kijana wa ukoo wa pwani aliyezaliwa Muscat, hakosi sauti. Nyimbo za vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star zinapatikana kwenye simu, na sauti ya mwimbaji Shakila Saidi bado inatoka madukani na kwenye daladala ingawa mwenyewe alifariki mwaka 2016. Kinachomsumbua mwanafunzi ni maandishi. Akitaka kusoma anachokisikia katika “Macho Yanacheka”, humbidi aingie mtandaoni atafute maneno yaliyonukuliwa na mtu asiyemjua, kwa sikio asilojua ubora wake. Akikuta nakala mbili zisizolingana, aishike ipi? Wengi huchagua iliyo nadhifu: yenye herufi safi, sentensi zinazoeleweka na Kiswahili kinachofanana na cha kitabu cha shule. Naona kipimo hicho kinapotosha. Nakala inayofaa kusomea lugha ni ile inayokifuata kwa uaminifu kinywa kilichoimba, na bahati yetu ni kwamba ushairi wa Kiswahili una kanuni zinazomwezesha hata mwanafunzi mchanga kuupima uaminifu huo.

Jambo la kwanza la kutazama ni asili ya nakala. Kunukuu maneno kutoka vinywani ni kazi ya zamani pwani hii, na historia yake inaonyesha nini huipa thamani. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, yalibaki katika kumbukumbu za watu hadi Mwalimu Sikujua na mmisionari W. E. Taylor walipoyakusanya na kuyaandika, W. Hichens akayachapisha mwaka 1940 kwa jina la Diwani ya Muyaka. Tunaweza kujadiliana juu ya neno hili au lile katika diwani hiyo kwa sababu tunajua maandishi yalipita mikononi mwa nani. Nakala ya taarabu nayo idaiwe vivyo hivyo. Itaje mwimbaji, kikundi, na ikiwezekana ni rekodi ipi, maana wimbo mmoja unaweza kurekodiwa zaidi ya mara moja na beti zikabadilika. Imtaje pia mtunzi, kwa kuwa katika taarabu aliyetunga shairi, aliyelitia muziki na aliyeliimba wanaweza kuwa watu watatu. Wajapani wamelizoea jambo hili: kurasa zao za maneno ya nyimbo huanza kwa jina la mwandishi wa maneno na jina la mtunzi wa muziki, kila moja mahali pake, na tovuti nyingine huweka juu ya kila neno lililoandikwa kwa maandishi ya kanji herufi ndogo zinazoonyesha linavyotamkwa. Mwanafunzi wa Kijapani anajua anamsoma nani na anajua namna ya kutamka. Sisi tunaishia mara nyingi kwenye jina la wimbo peke yake.

Faida ya kumjua mtunzi inaonekana wazi kwa mwimbaji Juma Bhalo wa Mombasa. Baadhi ya mashairi aliyoyaimba yalitungwa na Ahmad Nassir, ambaye diwani yake, Malenga wa Mvita, ilichapishwa mwaka 1971 ikiwa na sherehe ya maneno magumu. Mwanafunzi anayejua kwamba mtunzi wa wimbo fulani ana diwani iliyochapishwa anaweza kuanzia kwenye kitabu, kisha akasikiliza mwimbaji alivyolitendea shairi. Asiyejua huanza na nakala ya mpita njia, na hana pa kuipimia.

Ikiwa nakala haina asili, bado shairi lenyewe linaweza kutoa ushahidi, na hapo ndipo mizani, yaani idadi ya silabi, inapofaa. Nyimbo nyingi za taarabu zina beti za mishororo mitatu, kila mshororo umegawanyika vipande viwili, na mara nyingi kila kipande kina mizani nane. Kuhesabu mizani hakuhitaji kujua maana. Silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwa irabu, na zinazobaki, kama “m” ya “mtu” au “n” ya “nchi”, huhesabiwa peke yake. Tuchukue mshororo uliotungwa hapa kwa ajili ya mfano tu: “Kaja mgeni wa mbali, mizigo hakuitua.” Ka-ja-m-ge-ni-wa-mba-li: nane. Mi-zi-go-ha-ku-i-tu-a: nane. Sasa mnukuzi aliyesoma sarufi ya shule anasikia “kaja” na kudhani mwimbaji amemeza herufi. Anaandika “akaja”, mizani inakuwa tisa. Au anaandika “amekuja”, inafika kumi. Huku pwani ya Mrima “kaja” ni neno kamili lenye maana ya amekuja, na hakuna kilichomezwa. “Akaja” limekwenda mbali zaidi, maana limegeuza tendo lililokamilika kuwa hatua mojawapo katika mfululizo wa hadithi. Mwanafunzi anayehesabu kwa vidole ataona mshororo mmoja umefura katikati ya mishororo iliyo sawa, na atajua pa kurudi kusikiliza, hata kama hajapata kulisikia neno “kaja” maishani mwake.

Mizani haitoshi, kwa hiyo vina navyo vitazamwe. Tuseme shairi lina mshororo huu, nao umetungwa kwa mfano: “Naliketi barazani, kungojea yako njia.” Mnukuzi mpenda unadhifu ataandika “Nilikaa barazani, kungojea njia yako.” Hesabu iko palepale, nane kwa nane, na sentensi imekuwa ya kawaida kabisa. Lakini ikiwa mishororo mingine ya ubeti inaishia kwa “-a”, huu umeishia kwa “-ko”, na kina kimekatika. Mtunzi alitanguliza “yako” mbele ya “njia” kwa makusudi, na lugha ya ushairi humruhusu. Aliyeurudisha mpangilio wa kila siku amemnyima mwanafunzi somo zima: kwamba Kiswahili kinaweza kupindua mpangilio wa maneno kwa sababu upatanisho wa ngeli unaonyesha kipi ni cha kipi.

Makosa kama haya hutoka kwenye nia njema, nayo ni kusanifisha. Tangu Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, ikifuata Kiunguja kama msingi wa Kiswahili sanifu, tumezoeshwa kuona kila umbo lisilo la Kiunguja cha vitabuni kuwa kasoro. Usanifu umetupa lugha moja ya shule, magazeti na mahakama, na mchango wake ni mkubwa. Ila anayenukuu wimbo hana kazi ya kumsahihisha mwimbaji. Shairi la Kimvita likiwa na kina cha “-to”, “mato” halitaki kuwa “macho”, na “nti” ikigeuzwa “nchi” huenda ikavunja kina kingine. Nakala bora huliacha neno kama lilivyoimbwa, kisha huweka pembeni umbo la sanifu kwa anayelihitaji. Kwa njia hiyo mwanafunzi anapata maneno mawili pale ambapo nakala nadhifu ingempa moja, na anajua kila moja linasemwa wapi.

Yapo makosa ambayo mizani na vina haviwezi kuyanasa. “Mahari” na “mahali” zina silabi sawa, na mnukuzi asiyetofautisha “r” na “l” anaweza kuiondoa posa kwenye wimbo wa mapenzi na kuweka kiwanja. “Dhamana” inaweza kuandikwa “zamana”, na “huzuni” ikapoteza “h” yake, bila mizani kubadilika hata kidogo. Hapa dawa ni maana: neno lisilokaa vizuri na ubeti mzima litiliwe shaka hata kama hesabu imekubali. Na katika hili sisi tulioko Mabawa, Ngamiani na Makorora tuna hazina ambayo mwanafunzi wa Osaka, mji wa Japani wenye chuo kikuu kinachofundisha Kiswahili, hana: wazee waliozisikiliza nyimbo hizi zilipokuwa mpya na wanaojua fumbo lilikuwa linamlenga nani. Nakala iliyosomwa mbele ya mzee wa namna hiyo ina hadhi kuliko iliyoandikwa na sikio moja usiku mmoja.

Alama nyingine ya ubora ni mnukuzi kukubali mahali aliposhindwa kusikia. Mwimbaji Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, na sahani za santuri za wakati ule hazitoi kila herufi. Hata rekodi za Tanga za miongo ya baadaye, ambazo ala zake chache kama gitaa, besi, kodiani na bongo humwachia mwimbaji nafasi kuliko orkesta kubwa za Unguja, zina sehemu ambapo sauti ya waitikiaji inafunika neno. Mnukuzi mzuri huweka vitone au alama ya kuuliza. Nakala ya rekodi kongwe isiyo na hata shaka moja ndiyo inayopaswa kutiwa shaka. Onyo hili linahusu zaidi programu za kugeuza sauti kuwa maandishi, ambazo neno lisiposikika huweza kuchomeka linalofanana nalo, na msomaji hawezi kuona palipokisiwa.

Kuhusu maelezo na tafsiri, kipimo ni kama yanatenganisha maana ya maneno na maana ya fumbo. Nyimbo za taarabu husema ua, ndege au mnazi zikimkusudia mtu, na nakala inayoruka moja kwa moja hadi kwenye mtu inamficha mwanafunzi jinsi lugha ilivyofika huko. Inayobaki kwenye mnazi nayo inamwacha nje ya wimbo. Kitabu cha Kelly Askew cha mwaka 2002, Performing the Nation, kilichotokana na utafiti uliofanyika sana hapa Tanga, kinaweka maneno ya Kiswahili pamoja na tafsiri yake na kueleza muktadha wa uimbaji. Nakala ya mtandaoni haihitaji ukubwa wa kitabu. Aya mbili zinatosha, moja ya maana ya wazi na moja ya maana ya ndani, mradi zisichanganywe.

Kuna watakaosema kwamba kipimo cha mizani hakitegemeki, kwa kuwa mwimbaji huvuta irabu, hurudia vipande na kuingiza “ee” na “habibi” apendapo. Ni kweli, lakini nyongeza hizo zina mahali pake panapojulikana, na sikio likizoea marudio mawili au matatu linaona kipi ni shairi na kipi ni pambo. Nakala nzuri hutenga mapambo kwa mabano au mstari wake, na marudio yenyewe humsaidia mnukuzi, kwani neno lisilosikika mara ya kwanza huenda likasikika mara ya pili. Wengine watasema nyimbo ni mwalimu mbaya, kwa sababu mwanafunzi atatoka nazo akisema “naliketi” sokoni. Hoja hii ina uzito ikiwa nyimbo ndizo somo pekee. Lakini anayesoma nakala iliyotenganisha umbo la wimbo na umbo la sanifu hawezi kuchanganyikiwa kirahisi. Anayechanganyikiwa ni yule aliyepewa nakala iliyosafishwa, kwa sababu jicho lake linasoma neno moja na sikio lake linasikia jingine, na hakuna aliyemwambia kwa nini.

Wapo pia watakaouliza kwa nini tusimpe mwanafunzi Bongo Fleva, yenye Kiswahili cha leo. Na apewe. Ila vipimo havitabadilika sana: asili ya nakala, uaminifu kwa kinywa, alama za shaka, na maelezo yanayotofautisha neno la mtaani na neno la wote. Mizani ndiyo italegea, maana wanamuziki wengi wa leo hawatungi kwa arudhi, yaani kanuni za ushairi. Ndiyo sababu naona taarabu ni mahali pazuri zaidi pa kuanzia: wimbo wenye kanuni humpa mwanafunzi namna ya kumhoji mnukuzi, ilhali wimbo huru humlazimu kumwamini.

Kwa hiyo mwanafunzi akipata nakala, aulize ni rekodi ipi na shairi la nani. Ahesabu mizani ya ubeti wa kwanza, afuatishe vina hadi mwisho, kisha asikilize wimbo akiweka alama kila mahali sikio na maandishi vinapoachana. Nakala yenye tofauti mbili tatu zinazoelezeka aishike. Yenye tofauti kila ubeti aiache, hata kama inapendeza kusoma. Na kwa wenyeji wa Tanga lipo deni. Anayeweka maneno ya nyimbo hizi mtandaoni awataje watunzi na waimbaji kwa majina na atafute ridhaa ya wenye haki, kwani tungo zinalindwa na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na waliozitunga au warithi wao wanastahili kuheshimiwa kabla ya sheria kutajwa. Kazi hiyo ifanywe sasa, wakati waliozisikia nyimbo hizi zikiimbwa ukumbini wangali hai wa kuulizwa neno hili ni lipi.