Mgongo, Betri na Uchungu wa Leba

Mashine yenyewe haitishi. Ukubwa wake ni wa simu ya kabambe, huning'inizwa shingoni kwa kamba, na betri yake ni ile ya redio ndogo. Nyaya mbili hutoka ndani yake, kila mmoja ukajigawa mara mbili, na mwishoni kuna vibandiko vinne vyenye jeli. Jina lake ni TENS, na hupitisha umeme mdogo kwenye ngozi ili kupunguza maumivu. Nchini Kenya inajulikana zaidi katika chumba cha fiziotherapia, ambako hubandikwa kiunoni mwa mkulima aliyeinamia jembe miaka mingi, au gotini mwa mzee. Wodi ya leba, hata ikiwa ng'ambo tu ya ua, kwa kawaida haina habari nayo.

Kazi yote iko katika kubandika. Vibandiko viwili vya juu hukaa kushoto na kulia kwa uti wa mgongo, karibu na usawa wa mkanda wa sidiria. Viwili vya chini huwekwa juu kidogo ya makalio, kwenye vile vishimo viwili ambavyo kidole kinavipata bila taabu. Hapo hapakuchaguliwa kwa kubahatisha. Mwanzoni mwa leba, habari za uchungu kutoka kwenye tumbo la uzazi na shingo yake huingia kwenye uti kati ya pingili ya kumi ya kifua na ya kwanza ya kiuno. Mtoto anaposhuka, uchungu wa nyonga na msamba hupitia neva za chini zaidi. Anayebandika tumboni amekosea njia.

Mtoto akijigonga kwenye meza, mamaye humsugua palepale, naye hunyamaza kabla hata ya kuambiwa pole. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza sababu yake. Neva nene za mguso hupeleka habari kwa kasi ya mita 35 hadi 75 kwa sekunde, ilhali zile nyembamba kabisa zinazobeba maumivu ya kufukuta hazifikishi hata mita 2. Ndani ya uti wa mgongo kuna mahali panapofanya kazi kama lango: habari za mguso zikijaa hapo, za maumivu hupenya kwa shida. Miaka miwili baadaye Wall na mwenzake William Sweet walijipitishia umeme wenyewe kwanza ili waone kama lango hilo linafungika. TENS ni mtoto wa jaribio hilo.

Kwa leba, mashine hutegwa kutoa kati ya mipigo 80 na 120 kwa sekunde, na mama huhisi mwasho kama wa mguu uliokufa ganzi unapoamka. Tumbo likibana, anabonyeza kitufe na nguvu inapanda, likiachia, anaishusha. Kitufe kiko mkononi mwake, si kwa nesi. Wanaojua kuitumia huanza mapema, uchungu ukiwa bado wa kuongea nao, kwa sababu ukishapamba moto mashine haiukimbizi tena.

Je, inasaidia? Hapa lazima mwuzaji anyamaze kidogo. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2009 yalikusanya tafiti 19 zenye wanawake 1,671, na tofauti ya uchungu kati ya waliovaa mashine na wasiovaa ilikuwa ndogo. Hata hivyo, wengi wa walioitumia walisema wangeitumia tena. Mwongozo wa Uingereza wa 2007 ulikataza kuipendekeza kwa mama ambaye leba imeshakolea. Kisha mwaka 2016 watafiti wa Brazil waliwapa wanawake TENS kwa dakika 30 walipofunguka sentimita 4: uchungu ulishuka kwa pointi 15 katika kipimo cha 100, na ombi la dawa likachelewa kwa saa 5. Ni utafiti wa wanawake 46 tu, lakini unaonyesha mashine inafaa saa zipi.

Saa hizo ndizo mwanamke wa Ukambani hutumia akiwa nyumbani au njiani. Kitui ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na kwa wengi safari ya kwenda kujifungua ni ya bodaboda juu ya mchanga na makorongo. Mashine iliyofungiwa kabatini katika hospitali kubwa itamfikia wakati wake ukiwa umeshapita. Ingekuwa na maana zaidi ikiazimishwa kwenye kliniki ya wajawazito kuanzia wiki ya 37, pamoja na betri ya akiba na somo la kubandika. Joto la Kibwezi na Makindu nalo lina lake: jasho hubandua vibandiko, na jeli iliyokauka haipitishi umeme sawasawa. Mwenye kifaa cha umeme cha moyo haruhusiwi kabisa kuivaa, na anayetaka kuoga huivua kwanza. Inaweza pia kuvuruga mashine za kielektroniki za kusikiliza moyo wa mtoto, lakini kuna faida isiyotajwa: haina ugomvi na kile kitarumbeta cha Pinard ambacho nesi wa zahanati huweka sikioni.

Gharama ya kujifungua ilipungua. Huduma ya uzazi katika hospitali za umma ilitangazwa kuwa bure Juni 2013, na Makueni chini ya Gavana Kivutha Kibwana ikaongeza bima yake ya shilingi 500 kwa kaya kwa mwaka. Uchungu haukuwa kwenye bili, basi haukuguswa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 haukuiweka TENS miongoni mwa njia unazozipendekeza, ila uliweka kukandwa, kitambaa cha moto na msindikizaji ambaye mama amemchagua mwenyewe. Kiganja kinachosugua kwa nguvu vile vishimo viwili kila tumbo linapobana kinagonga lango lilelile la Melzack na Wall, bila betri.

Lakini katika wodi ambayo vitanda vimebanana na mapazia hayatoshi, msindikizaji huambiwa asubiri nje. Mama mkwe aliyemsugua mgongo kuanzia alfajiri hubaki kwenye benchi la ukumbini, beseni na leso mapajani.