Siri, Shaka na Idhini: Tahakiki ya Istilahi za Kuzuia Ulaghai katika Mabenki

Makusudi ya makala haya ni kuzichunguza baadhi ya istilahi zinazotumiwa na mabenki na makampuni ya simu katika kazi ya kugundua na kuzuia ulaghai wa fedha. Hatukusudii kutoa orodha ya maneno mapya. Tunalokusudia ni kuliuliza kila neno swali moja tu: je, linamsaidia mwenye fedha kuzilinda fedha zake? Katika taaluma nyingine istilahi mbovu humchosha mwanafunzi, naye huweza kuisoma mara ya pili. Katika taaluma hii humgharimu mtu akiba yake, na mara ya pili haipo.

Kwamba neno laweza kulinda fedha si jambo la kubuni. Mwezi Februari 2016 wezi waliingia katika kompyuta za Benki Kuu ya Bangladesh, wakatuma maagizo ya malipo kwa jina la benki hiyo kwenda Federal Reserve Bank ya New York, ambako Bangladesh ilikuwa imeweka fedha zake. Maagizo yote kwa pamoja yalidai karibu dola milioni 951. Dola milioni 81 zilifika Ufilipino, na sehemu kubwa ya fedha hizo haikurudi. Lakini dola milioni 20 zilizokuwa zikielekea Sri Lanka ziliokolewa kwa sababu ya tahajia. Katika jina la shirika lililotajwa kuwa mpokeaji, neno 'foundation' lilikuwa limeandikwa 'fandation'. Deutsche Bank, ambayo fedha hizo zilikuwa zikipitia kwake, iliiona kasoro hiyo ikauliza. Mitambo ilikuwa imekwisha kuyakubali maagizo yale kuwa ni halali. Kilichozua swali ni neno.

Kazi yenyewe

Kabla ya kuzipima istilahi, yafaa tueleze kwa ufupi jinsi ulinzi huu unavyofanyika. Mtu anayetaka kutoa fedha kwa simu au kompyuta hupitia hatua tatu. Kwanza hutambulishwa, yaani husema yeye ni nani, kwa namba ya simu au ya akaunti. Pili huthibitishwa, yaani huonyesha kwamba kweli ndiye, ama kwa jambo alijualo, ama kwa kitu alicho nacho, ama kwa alama ya mwili wake kama vile kidole. Tatu huidhinisha, yaani hukubali kwamba malipo haya hasa, ya kiasi hiki, yaende kwa mtu huyu.

Nyuma ya hatua hizo kuna programu inayotazama mwenendo wa kila akaunti. Programu hiyo hulinganisha muamala mpya na desturi ya mwenye akaunti: kiasi cha fedha, saa, mahali, simu inayotumika, mpokeaji, na kasi ya miamala kufuatana. Mteja aliyezoea kutuma shilingi elfu ishirini, akituma ghafla shilingi milioni mbili usiku wa manane, kwa simu ngeni, siku ile ile ambayo laini yake imebadilishwa, muamala wake hupewa alama kubwa ya hatari. Alama ikivuka kiwango kilichowekwa, malipo husimamishwa au mteja huulizwa. Hapo awali kanuni za kutoa alama hizo ziliandikwa na watu, moja baada ya nyingine. Siku hizi, pamoja na kanuni hizo, kompyuta hufunzwa kwa miamala mingi iliyopita ili igundue yenyewe dalili za ulaghai.

Kompyuta iliyofunzwa hivyo baadhi ya waandishi huiita 'akili bandia'. Jina hilo halifai katika mabenki, ambako kila karani amefundishwa kuiogopa noti bandia. Kusema kwamba akili bandia imekamata noti bandia ni kumchekesha msomaji mahali pasipo na kichekesho. 'Akili mnemba', ambayo imeenea katika maandishi rasmi ya Tanzania, ina walau sifa ya kutogongana na neno lililokwisha kuwa na kazi katika taaluma ile ile.

Shaka na hukumu

Istilahi ya kwanza tunayoitia katika mizani ni 'muamala shuku', ambayo imeshika mizizi katika taarifa za kudhibiti fedha haramu. Tatizo lake ni la sarufi, lakini haliishii katika sarufi. Tunaposema 'mwanachama shiriki' tunamtaja anayeshiriki, na 'kamati tendaji' ni kamati inayotenda. Kwa mfano huo huo, 'muamala shuku' ungekuwa muamala unaoshuku. Lakini muamala haushuku, unashukiwa. Tungeweza kusema 'muamala shukiwa', isipokuwa hapo msikilizaji angefikiri kuna kitu kilichoshuka. Twaona ni heri kusema 'muamala wa kutiliwa shaka'. Ni maneno mengi zaidi, lakini hakuna asiyeyaelewa, na yanasema wazi kwamba ipo mikono iliyoitia shaka hiyo.

Jambo hili ni zito kwa sababu mtambo hautoi hukumu. Hutoa kadirio tu, na kadirio huweza kukosea kwa njia mbili: kumzuia asiye na hatia, au kumpitisha mwizi. Mfikirie mkulima wa korosho wa Mtwara, ambaye akaunti yake hulala miezi mingi, kisha hupokea kwa mkupuo fedha za mnada na kuzitumia katika muda mfupi kwa vibarua, madeni na ada za shule. Kwa mtambo usioujua msimu wa korosho, mwenendo huo ni wa ajabu. Mkulima huyo akipata ujumbe kwamba akaunti yake imefungwa 'kwa sababu ya ulaghai', amekwisha kuhukumiwa na mtu asiyemwona. Ujumbe ulipaswa kusema kwamba malipo yamesimamishwa kwa muda kwa kuwa yametiliwa shaka, na kumweleza namna ya kuiondoa shaka hiyo. Kwa makosa hayo mawili tunapendekeza 'shaka isiyo na msingi' na 'ulaghai uliopenya'. Neno 'ulaghai' peke yake libakie kwa jambo lililokwisha kuthibitika.

Namba ya siri na nduguye

Miongoni mwa istilahi zote za uwanja huu, hatujui iliyo bora kuliko 'namba ya siri'. Imeenea tangu huduma za fedha kwa simu zilipoanza, Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na wananchi waliipokea bila kufundishwa. Ubora wake ni kwamba wajibu umo ndani ya jina. Mtu asiyejua lolote juu ya kompyuta anajua kwamba siri haisemwi. Ilinganishe na 'nywila', neno ambalo msemaji wa kawaida hawezi kulipambanua wala kubuni afanye nini nalo.

Sasa tazama lililotokea. Benki ziliongeza namba nyingine, inayotumwa kwa simu ya mteja kila anapotaka kulipa au kuingia katika akaunti, ambayo hutumika mara moja tu na muda wake huisha upesi. Namba hii nayo ni siri, tena siri kubwa, kwa kuwa anayeipata anaweza kuumaliza muamala uliokwisha kuanzishwa. Lakini ilipopewa jina iliitwa 'namba ya uthibitisho', au 'msimbo', au hata 'kodi', neno ambalo kwa Mswahili ni fedha anayomlipa mwenye nyumba au serikali. Katika majina yote matatu, siri imetoka.

Tapeli ameliona pengo hilo kabla yetu. Hupiga simu kwa sauti ya heshima, akajitambulisha kuwa mhudumu, kisha humwonya mteja asimtajie mtu yeyote namba yake ya siri, hata yeye mwenyewe. Mteja akishatulia, huombwa asome tu ile namba ya uthibitisho iliyoingia sasa hivi. Mteja huisoma, tena kwa dhamiri safi, kwa sababu ameshika neno kwa neno onyo alilopewa na benki yake. Hapo kilichomwangusha ni istilahi. Tunapendekeza namba hiyo iitwe 'namba ya siri ya mara moja', ili onyo moja lizilinde namba zote mbili.

Nani aliidhinisha?

Kosa jingine ni kuuita kila wizi wa fedha kwa njia ya simu 'udukuzi'. Kudukua ni kupenyeza bila ruhusa katika mambo ya mwingine, na kwa wizi wa Bangladesh neno hilo lafaa kabisa. Lakini mtu aliyerubuniwa akatuma fedha kwa mkono wake mwenyewe hakudukuliwa. Tukimwita hivyo, tunamtafuta mwizi katika mitambo na kuacha kumtafuta kwa mpokeaji wa fedha. Baadhi ya taarifa za mabenki nazo huelekea upande wa pili, zikasema kwamba mteja 'aliidhinisha mwenyewe', na shauri likafungwa. Neno 'idhini' hapo limebeba kitu lisichoweza kukibeba, kwa kuwa idhini iliyopatikana kwa hila si sawa na idhini ya mtu anayejua alipayo.

Uingereza waliitofautisha hali hii kwa jina lake, yaani malipo yaliyoidhinishwa kwa kulaghaiwa, na kutokana na tofauti hiyo ikapatikana haki. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024, benki ya mlipaji na benki ya mpokeaji hugawana nusu kwa nusu mzigo wa kumrudishia aliyelaghaiwa, hadi paundi 85,000, pasipokuwa na uzembe mkubwa wa mteja. Hatusemi kwamba kanuni hiyo yafaa kuigwa kila mahali. Hilo ni la wanasheria na wachumi. Tunachosema ni kwamba jambo lisilo na jina haliwezi kuandikwa katika kanuni, wala kuhesabiwa katika takwimu, wala kudaiwa mbele ya hakimu. Tunapendekeza 'idhini ya hila' kwa hali hiyo, na 'udukuzi' ubakie kwa uvamizi wa mitambo.

Mifano miwili

Kaulimbiu ya 'Sitapeliki', iliyoenezwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania mwaka 2024, imeundwa kwa ustadi wa sarufi, nayo inakumbukwa upesi. Hata hivyo tuna shaka nayo kidogo. Kauli ya kutendeka inadai kwamba msemaji hawezi kabisa kutapeliwa, na hakuna mtu wa namna hiyo. Anayejigamba hivyo asubuhi akatapeliwa jioni ataona haya kutoa taarifa, na ulaghai usiotolewa taarifa kwenye namba 15040 humwacha tapeli na laini yake mkononi. Tungependa zaidi neno linaloamrisha tendo. Mfano upo Kenya, ambako huduma ya M-Pesa ya kumwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla fedha hazijaondoka iliitwa 'Hakikisha'. Jina hilo ni huduma, ni onyo, na ni agizo, kwa neno moja.

Tusisahau kwamba matapeli nao ni waandishi wa Kiswahili. Ujumbe wao mashuhuri, 'Ile pesa tuma kwenye namba hii', una maneno sita tu, na kazi yote imefanywa na 'ile', ambayo humfanya msomaji aamini kwamba palikuwa na makubaliano ya awali. Wanaomlinda mwananchi hawana budi kuandika kwa wepesi usiopungua huo. Istilahi tulizozipendekeza tunazileta mbele ya wasomaji zipimwe, zirekebishwe, au zikataliwe kwa hoja. Zaidi ya wataalamu, tungependa kusikia kutoka kwa makarani wa benki na mawakala wa fedha za simu, kwa kuwa wao ndio wanaoisikia kila siku sauti ya mtu aliyekwisha kuisoma ile namba.